Tutani, Shusha!

Wakubwa hujengewa sanamu na barabara zikapewa majina yao. Tuta limelala katikati ya barabara hiyo hiyo, linakanyagwa usiku na mchana, na sijamsikia hata mtu mmoja akilipa asante. Leo nalipa mimi. Juzi nimerudi kutoka nyumbani, safari yangu ya kila Novemba ya kwenda kumwona mama mvua za vuli zinapoanza, na kati ya Mbezi na kwetu, mbele ya Mombo, nimevuka matuta mengi kuliko niliyowahi kupandia viazi. Nilikaa siti ya nyuma kabisa. Kwa hiyo nina haki ya kusema.

Kwanza, ukoo. Tuta si mtoto wa kuokotwa. Arthur Compton, mwanafizikia wa Marekani aliyepata Tuzo ya Nobeli mwaka 1927, alichoshwa na madereva waliokuwa wakikata mbuga mbele ya chuo chake kule St. Louis, na mwaka 1953 akabuni tuta la kuwapunguza mwendo. Kwa hiyo utosi wangu ulipokutana na paa la basi pale Segera, ulikutana na sayansi.

Tabia zake njema nazitaja mbiombio. Halichagui: V8 ya mkubwa na bajaji ya mkaa zote huliinamia. Halina zamu wala likizo, na halijawahi kuniomba hela ya maji. Abiria aliyesinzia karibu apitilize kwao, tuta ndilo humwamsha. Wapo mafundi springi waliosomesha watoto hadi chuo kikuu kwa neema yake.

Lakini sifa kuu, ambayo wataalamu wa mipango miji wanaionea wivu, ni hii: tuta huzaa miji.

Nilipokuwa mdogo, kwetu palikuwa na mbuyu, duka moja na vumbi la basi lililokwisha pita. Kisha likawekwa tuta. Basi likapunguza mwendo, na kijana mmoja akaona kwamba muda wa basi kupanda na kushuka tuta unatosha kuuza mayai mawili ya kuchemsha, pamoja na chumvi yake na pilipili. Mla yai husakamwa, akaja mama wa maji baridi. Abiria wakaanza kupiga kelele "Tutani, shusha!", konda akabisha kwamba pale si kituo, akashusha. Walioshuka wakahitaji bodaboda. Bodaboda wakahitaji kivuli, chini ya kivuli wakahitaji chipsi, na mla chipsi akahitaji kutuma pesa nyumbani akajieleze kwa nini hajafika. Leo tutani kuna vibanda vinne vya miamala, kinyozi, fundi simu na gesti mbili zinazotazamana kwa chuki. Kibao kimesimamishwa porini: viwanja vinauzwa, dakika tano kutoka tutani. Shangazi anaapa kwamba mkwe wake mmoja alipatikana hapo: binti dirishani, kijana na ndoo ya machungwa, na tuta likawa refu kiasi cha kutosha chenji na namba ya simu.

Na ile stendi iliyojengwa kwa fedha za umma, yenye vigae na jiwe la ufunguzi, ipo nje ya mji, ambako hakuna tuta. Nilikwenda kuiona. Mbuzi wamelala kwenye benchi za abiria na wanaonekana wameridhika.

Mama safari hii kiuno kilimkamata. Tukakodi gari kumpeleka hospitali, na njiani nikahesabu matuta kumi na tisa. Kila tulipokaribia moja alinishika kifundo cha mkono, akafumba macho, likipita akauliza, "Bado mangapi, mwanangu?" Nikawa nadanganya. Refu kuliko yote liko mbele ya lango la hospitali, rundo la lami iliyobaki, halina kipimo, limekwangua chini ya gari mpaka dereva akatukana, kisha akamwomba mama radhi. Nani alilipima lile? Alipita na mgonjwa hata siku moja?

Samahani, nilikuwa nasifu.

Tuta la kwanza la mjini kwetu lilikuja baada ya mwanafunzi kugongwa. Wazazi hawakuwa wameomba tuta. Waliomba vivuko, vibao, na mtu wa kuwavusha watoto asubuhi na mchana. Barua yao ilikaa ofisi moja ikaambiwa barabara ile ni ya ofisi nyingine, ikaenda huko, ikarudi kwa sababu haikupitia ya kwanza. Wazazi wakalaza magogo barabarani. Kabla ya wiki kwisha tuta likawa limejengwa, usiku, na faili likafungwa. Tangu hapo kila shida yetu hujibiwa kwa tuta. Nadhani tungeomba maji wangetuletea tuta.

Wala si wao tu. Kibao cha 50 kipo pale tangu zamani, kimesimama wima na kinasomeka vizuri. Nikiwa na gari langu nakipita na 80, na bado nalaumu wanaonipita. Mtoto mwenye sare amesimama ukingoni na begi mgongoni, hatumwonei huruma. Huruma tunaiwekea shokapu.

Mwaka jana kiongozi alikuja kufungua jengo, na tuta la kuingilia mji likapakwa rangi nyeupe. Lilipendeza sana. Lakini msafara ulikuwa unaingia kutoka upande wa Dar na kuondokea njia nyingine, kwa hiyo rangi ilipakwa upande mmoja, ikaishia katikati ya barabara kama kitambaa kilichokatwa na mkasi. Anayeingia analiona. Anayetoka hana habari.

Mimi juzi nilikuwa natoka. Alfajiri, giza, siti ya nyuma, na mapajani boksi la mayai ya kienyeji ishirini na nne, ambayo mama, pamoja na kiuno chake, alisimama kuyapanga mwenyewe katikati ya pumba. Tulipokwisha kutua, konda aligeuka.

"Wa nyuma huko," akasema, "shikilieni vizuri, kuna tuta."