Sifa za Mdudu wa Ziwani

Sangara ana kiwanda, ana bei, ana ndege ya kumpeleka Ulaya. Hahitaji mpiga debe. Leo tumpigie makofi mheshimiwa asiyesifiwa: mdudu wa ziwani, yule wa giza la mwezi, anayepanda juu ya Ziwa Victoria kama wingu la moshi, na ikifika saa mbili usiku yuko kwenye taa, kwenye ugali na kinywani mwa anayemlalamikia.

Wanamwita msumbufu. Msumbufu gani huyu asiyeng'ata? Mbu hafanani naye kwa adabu. Akishakuwa na mabawa karibu hali kitu. Huishi siku chache, huzaa, hufa. Ni mgeni gani mwingine aliyewahi kuingia kwako saa ya chakula cha jioni na asionje?

Kula alikula zamani, angali lava kwenye tope la chini. Jua huupa mwani nguvu, vijidudu vya majini hula mwani, mabaki hushuka topeni, naye huvila vyote. Lakini kila mlo una ushuru wake. Kiumbe huteketeza sehemu kubwa ya alichokula kwa kupumua na kuhangaika tu. Tangu utafiti wa Raymond Lindeman uchapishwe mwaka 1942, wanaikolojia hukadiria kwamba takriban asilimia 10 ndiyo inayovuka kwenda kwa mlaji anayefuata. Mwani ukiwa na nguvu 1,000, lava hupata 100, dagaa anayemla hupata 10, na sangara anayemla dagaa hubaki na 1. Bwana mkubwa, kumbe, ndiye fukara wa ukoo!

Tena mdudu wetu hana choyo. Samaki hubaki majini hadi avuliwe. Yeye hutoka mwenyewe, bila nyavu wala leseni, akileta nchi kavu nguvu ya topeni. Buibui hunenepa, mbayuwayu hushiba. Alfajiri fungu lake la kijivu limelala chini ya taa ya baraza, na kuku hulimaliza kabla fagio halijashikwa. Kule Ziwa Nyasa jamaa zake, kungu, hukamatwa, hupondwa na kufanywa vibonge vya kitoweo.

Basi giza la mwezi likiingia, zima taa ya nje, funika sufuria, uache matusi. Yai la kesho analileta yeye.