Juma la Mstari Wima

Jumatatu
Mvua ya usiku imeezua mabati ya darasa la tano la sekondari. Nimefundisha wanafunzi wakiwa wamebanana upande mkavu. Somo: fonksioni. Kanuni ni fupi, mwanahisabati Dirichlet aliiweka hivyo mwaka 1837: kila x ipate y moja tu. Ukitaka kuujua mchoro, pitisha mstari wima toka mwanzo hadi mwisho. Ukiugusa mahali pawili hata mara moja, si fonksioni. Nimechora duara, x² + y² = 25, nikasimamisha rula kwenye x = 3. Juu 4, chini −4. Duara limeanguka. Rula nayo imeanguka, imevunjika. Ilikuwa ya shule.

Jumanne
Karatasi za milimita zimekwisha. Tumechora kwenye magazeti ya zamani yaliyofungia misumari sokoni. Kabambare yetu imezoea: msafiri Livingstone, aliyelazwa hapa na vidonda vya miguu mwaka 1870, alipoishiwa karatasi aliandika shajara yake juu ya magazeti ya kwao. Hakuwa na mihimili ya kuchora. Mwanafunzi mmoja ameupima mchoro wake kwa mstari mweusi unaotenga safu za gazeti. Umekata duara mahali pawili, sawa kabisa. Kisha amehesabu na tangazo la sabuni lililo katikati, akaandika y ziko saba. Nimempa nusu ya alama.

Jumatano
Fundi wa mabati alishusha ubao usilowe, akaurudisha ukutani ukiwa ubavu. Parabola ya jana, y = x², iliyokuwa imefaulu, leo imeelekeza mdomo mlangoni. Msichana wa dawati la mbele amesimamisha fimbo: mahali pawili. "Mwalimu, jana si ilikuwa fonksioni?" Nimemwambia autafute mhimili wa y. Nao umelala. Mstari wetu wima hufuata mhimili wa y, haufuati ukuta. Ubao ukigeuka na mihimili yake, jaribio linageuka nao. Akauliza, je, tukifuta mihimili tukachora mingine iliyonyooka? Hapo mchoro uleule unakuwa x = y², na unaanguka kihalali, maana x = 4 inapata 2 na −2. Prefe, mkuu wetu wa shule, amepita dirishani, akataka kujua kwa nini darasa zima limelaza vichwa begani. Nimejibu: hesabu. Ameandika kitu kwenye daftari lake.

Alhamisi
Kazi ya nyumbani: grafu ya jambo la hapa kwetu. Mmoja ameleta bei ya mawese kwa siku. Kila siku ina nukta mbili, moja juu ya nyingine: bei ya asubuhi, na bei ya jioni baada ya baiskeli za mzigo kuingia. Si fonksioni. Nimemshauri aandike saa badala ya siku. Saa nane mama yake, muuza mawese, yuko mlangoni anauliza nani amesema bei zake hazina kanuni. Nimemweleza, mama akasikiliza vizuri, kisha akasema hata saa moja ina bei mbili, inategemea mnunuzi ni nani. Ni kweli: bei yake ni fonksioni ya saa na mnunuzi kwa pamoja. Nimenunua chupa moja. Bei ya mwalimu ndiyo ile ya juu.

Ijumaa
Mchana wengi wako msikitini. Kijana wa kando ya mto Luama ameleta grafu ya kina chake, kilichopimwa kila asubuhi kwa mti wenye alama kivukoni. Mstari wima unagusa mara moja kila mahali. Safi. Babu yake, mvushaji, aliyemsindikiza, ameuliza maji yalifika lini alama ya pili. Nimelaza mstari: umegusa mara mbili, maji yakipanda na maji yakishuka. Kina ni fonksioni ya siku. Siku si fonksioni ya kina. "Basi, mwalimu, karatasi hii haijui," amesema mzee, akaondoka nayo. Ilikuwa bado haijasahihishwa.

Jumamosi
Zoezi la mtindo wa Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari: swali moja, majibu matano, chagua moja. Ipi ni fonksioni: duara, parabola iliyolala, jani la Descartes la mwaka 1638 lenye kitanzi chake, mstari wima wenyewe, au nusu duara ya juu? Ni nusu duara, y = √(25 − x²): ukiiondoa ya chini, kila x toka −5 hadi 5 inabaki na y moja. Mwanafunzi mmoja amechagua mstari wima. Hoja yake: anayepima wenzake hawezi kuanguka. Mstari huo una x moja na y zisizo na mwisho, nimempa sifuri. Amekata rufaa kwa prefe. Prefe amekubaliana naye.