Spider-Man Wawili, Kibarua Kimeota Nyasi

Peter Parker ameripoti kazini kwa mara ya kwanza, mwalimu mpya wa sayansi katika shule moja ya Brooklyn. Hajawazoea hata wanafunzi, mara Sandman, jitu la mchanga lenye kimo cha ghorofa, linaanza kubomoa New York. Mwalimu anatoweka darasani, na mwanafunzi wake Miles Morales naye hayupo. Mji unaokolewa. Kibarua cha Peter kinaota nyasi, maana ameacha darasa peke yake wakati wa balaa, na hawezi kumwambia mtu alikuwa wapi: yeye na Miles ndio Spider-Man.

Hivyo ndivyo linavyoanza Marvel's Spider-Man 2, gemu la studio ya Insomniac ya Marekani lililotoka Oktoba 20, 2023 kwa PlayStation 5. Katika saa 24 za mwanzo ziliuzwa nakala zaidi ya milioni 2.5. Wanunuzi walifuata ngumi na utando, wakapewa na madeni juu. Peter anadaiwa mkopo wa nyumba aliyoachiwa na shangazi yake May kule Queens. Miles anaweza kupambana na Kraven, mwindaji aliyeingia mjini na jeshi zima, lakini insha ya kuombea nafasi ya chuo inamshinda. Kila akitaka kuiandika, kuna mwizi mahali.

Ucheshi huo ndio nguvu ya kwanza ya gemu hili. Nguvu ya pili iko angani. Mchezaji akibonyeza kitufe cha pembetatu huku akiwa hewani, shujaa anafungua mbawa za utando, anadaka mkondo wa upepo na kuvuka mto kutoka Manhattan hadi Queens bila kulowa. Gemu la kwanza, la mwaka 2018, liliishia Manhattan. Sasa Brooklyn na Queens zimo, na mtu aliyetumwa kuzuia ujambazi anajikuta amepitiliza mitaa kumi kwa raha ya kuruka tu. Majambazi watasubiri.

Kasoro nazo hazijifichi. Mary Jane, mwandishi wa habari, anapewa bunduki ya umeme na kuwaangusha mmoja mmoja wawindaji walewale wanaomtoa jasho Spider-Man. Mchezaji anabaki kujiuliza kwa nini mji usimkabidhi MJ kazi nzima. Kraven anakula muda mwingi wa hadithi, kiasi kwamba Venom, adui aliyesubiriwa kwa hamu kuliko wote, anafika kama mgeni wa harusi aliyekuta sahani zinaoshwa. Sehemu ya mwisho inakwenda mbiombio.

Kisha kuna vituko ambavyo hakuna aliyevipanga. Gemu lilipotoka, baadhi ya wachezaji walimwona shujaa wao akigeuka mchemraba mweupe, mchemraba unaoning'inia kwenye utando na kupiga watu vilevile. Nyumbani kwa Miles, ambaye mama yake ana asili ya Puerto Rico, ilitundikwa bendera ya Cuba. Bendera hizo mbili zina umbo moja, ila rangi zimebadilishana: Puerto Rico ina mistari myekundu na pembetatu ya buluu, Cuba ina mistari ya buluu na pembetatu nyekundu. Wachezaji waliliona kosa hilo mapema, na studio ikalirekebisha.

Lililowaudhi wengi pia ni kwamba aliyemaliza hadithi hakuweza kuianza upya akiwa na mavazi na uwezo aliokwisha kuuchuma. Nafasi hiyo ililetwa na sasisho la Machi 2024, na toleo la kompyuta likafuata Januari 2025.

Kwa hiyo gemu hili linastahili kununuliwa kwa ajili ya kuruka na kwa ajili ya Peter na Miles wenyewe, hata kama Venom amepunjwa. Na ambaye bado hajalinunua asijilaumu: atapata gemu lililokamilika kuliko walilopata waliolikimbilia siku ya kwanza.