Pasi ya Daktari na Mizani ya Mzee Fyuzi

Walimu wa uhandisi wa Marekani wana chama chao tangu mwaka 1893. Kilizaliwa Chicago, kwenye yale maonyesho makubwa ya dunia ambako watu walipanda gurudumu la Ferris kwa mara ya kwanza, na kampuni ya Westinghouse ikayaangaza majengo kwa umeme wa mkondo geu. Siku hizi wanachama hukutana kila Juni kuulizana kwa nini wanafunzi hawaelewi. Wameulizana kwa zaidi ya karne moja, na majibu bado yanachapishwa.

Juni 2023 ilikuwa zamu ya Baltimore, jimbo la Maryland. Tuliotoka Dar es Salaam tulikuwa wawili: mimi mtu wa mitambo, na mwenzangu mtu wa umeme, ambaye hapa nitamwita Daktari kwa sababu hata mkewe humwita hivyo. Pale dirishani pa viza niliulizwa nakwenda kufanya nini. Nikasema nakwenda kujifunza kufundisha. Afisa akauliza kazi yangu. Nikasema mwalimu. Akauliza tangu lini, na Daktari akanikanyaga mguu nisije nikaitaja miaka.

Yupo mtu wa tatu katika habari hii, ambaye hakusafiri. Ni fundi sanifu wa maabara yetu. Wanafunzi humwita Mzee Fyuzi, na ana cheti cha FTC alichokipata enzi zile Chuo cha Ufundi Dar es Salaam hakijawa taasisi. Yeye ndiye aliyezunguka madukani akikusanya mizani mbovu za kidijitali, zile za kupimia unga na sukari. Ukiifungua mizani ya namna hiyo utakuta kipande cha alumini kilichogandishwa vipima-mkazo vinne vyembamba, vimeunganishwa kwa daraja la Wheatstone. Uzito ukikikunja kile kipande, hata kwa kiasi ambacho jicho haliwezi kukiona, ukinzani wa vile vipima-mkazo hubadilika na tarakimu zinapanda. Kifaa kipya cha kufundishia jambo hili kina bei ya kumtoa mhasibu machozi. Mzee Fyuzi alitutengenezea vya darasa zima kwa fedha ambayo haikuhitaji hata kikao cha zabuni. Makala yetu ilikuwa inahusu hilo. Waandishi walikuwa mimi na Daktari. Jina la Mzee lilikuwa kwenye shukrani, mstari wa mwisho, baada ya idara iliyotupa karatasi.

Siku ya kuondoka alimwona Daktari akiweka pasi kwenye sanduku.

“Daktari, hiyo pasi iache. Kule umeme ni volti 120.”

“Mzee, umeme ni umeme,” akajibu Daktari, ambaye shahada yake ya uzamivu ni ya mifumo ya umeme.

Uwanja wa ndege pasi ilipita bila neno. Kilichosimamisha foleni ni mizani yetu ya maonyesho: kipande cha alumini, nyaya nne za rangi, betri, na kisanduku chenye tarakimu zinazobadilika zenyewe. Jamaa wa usalama alirudi nyuma hatua moja. Akauliza kinafanya kazi gani. Nikamwambia kinapima sukari. Akauliza sukari iko wapi. Nikasema sukari hatukubeba, na hapo nikaona jibu la kweli linavyoweza kumtia mtu matatani. Alitulia Daktari alipokiwasha na kumwomba aweke juu yake redio yake ya upepo. Akaweka redio, akaweka simu, akaweka rungu, kisha akamwita mwenzake naye aje apime. Abiria waliokuwa nyuma yetu walitoa maoni ambayo siwezi kuyaandika.

Hotelini tulikuta soketi ya matundu membamba mawili, sisi tuna plagi ya pini tatu nene. Daktari alikuwa amenunua adapta njiani na akaichomeka kwa majivuno. Adapta hubadilisha pini, volti inaziacha zilivyo. Nguvu ya pasi hushuka kwa kipeo cha pili cha volti, kwa hiyo pasi ya wati 1000 iliyotengenezewa volti 230 ilipopewa 120 ilitoa wati 272 tu. Hesabu hiyo aliipiga Daktari mwenyewe, usiku wa manane, kwenye karatasi ya hoteli, mpaka nukta mbili za desimali. Hesabu ilinyooka, shati likabaki na mikunjo yake, ila ya vuguvugu. Asubuhi mama wa usafi akafungua kabati kutafuta mataulo, na ndani yake, imetundikwa ukutani, palikuwa na pasi ya hoteli.

Kisha baridi. Nje Baltimore ya Juni ina joto na unyevu ambao mtu wa Dar anautambua kabla hajashuka ngazi za ndege. Ndani ni habari nyingine. Wamarekani wakiona jua hulipiza kisasi kwa kiyoyozi. Kidude cha ukutani chumbani kwetu kilisoma 65. Unatoa 32, unazidisha kwa tano, unagawanya kwa tisa, unapata nyuzijoto 18, ambazo kwetu ni za Lushoto, tena wakati ambao watu wa Lushoto wenyewe wanatafuta sweta. Niseme tu kando kwamba hii ndiyo nchi iliyopoteza chombo cha anga cha Mars Climate Orbiter mwaka 1999, kwa kuwa programu moja ilitoa hesabu kwa vipimo vya ratili na nyingine ilisubiri nyutoni. Nilipokuwa natetemeka nilijisikia nimo katika historia.

Daktari hakuwa na sweta. Alikuwa na kikoi cha kuogea. Alijifunga shingoni, akakivuta mpaka kifuani juu ya koti na shati lile la mikunjo, akaingia mkutanoni. Nilitaka kukaa mbali naye. Kabla sijapata kiti, maprofesa walikuwa wamemzunguka wakidhani ni vazi la heshima, na mmoja akaomba wapige picha pamoja. Alipoulizwa kile kitambaa huvaliwa wakati gani, alijibu, “Wakati maalumu.”

Vikao huenda vingi kwa pamoja, na ratiba yake inahitaji fundi wa kuisoma. Tuliingia kimoja kuhusu madhara ya kufundisha kwa mhadhara. Mtoa mada alieleza utafiti mkubwa wa Scott Freeman na wenzake, wa mwaka 2014, uliochambua tafiti 225 za masomo ya sayansi na uhandisi. Mwanafunzi wa darasa la mhadhara mtupu ana uwezekano wa kufeli mara moja na nusu kuliko yule wa darasa ambalo wanafunzi wenyewe wanafanya kitu. Habari nzito hiyo, na mimi naiamini. Lakini mtoa mada alitusomea slaidi neno kwa neno, mgongo wake kwetu, mwanzo hadi mwisho, na pale aliposoma kwamba msikilizaji asiyeshughulishwa husinzia, mzee wa mstari wa mbele alikuwa anakoroma. Sitamcheka. Mihadhara yangu ya saa nane mchana ina watu wa mstari wa nyuma ambao sijawahi kuwaona macho.

Jioni tulipelekwa kula kaa. Baltimore kaa huja mezani wazima, wamemwagiwa unga mwekundu wa viungo unaoitwa Old Bay, ambao ulibuniwa mjini humo na mkimbizi kutoka Ujerumani mwaka 1939. Meza hutandikwa karatasi, na kila mtu hupewa nyundo ya mti. Meza yetu ilikuwa na maprofesa watupu. Ukaanza mjadala: gamba lipigwe wapi, kwa pembe ipi, nguvu itasambaaje. Mmoja akachora. Daktari, ambaye ni mtu wa Tanga na kaa anawajua tangu hajaota meno, aliiweka nyundo pembeni, akawavunja kwa mikono, na mchoro ulipokamilika mbele yake palikuwa na lundo la magamba. Hasara ilikuwa shati. Lile la mikunjo sasa lilikuwa na madoa ya rangi ya machungwa kuanzia kola mpaka kitufe cha tatu.

Basi siku ya kuwasilisha mada yetu kikoi kilirudi, safari hii kwa kazi ya kuficha.

Chumba kilikuwa kidogo na baridi yake kubwa. Wasikilizaji walikuwa wachache, na nusu yao walikuwa wanasubiri mada itakayofuata. Tuliitoa mizani kwenye boksi, tukaiwasha. Juu yake hapakuwa na kitu, nayo ikasoma gramu 9. Nikabonyeza, nikapuliza. Ikasoma 11. Nikaendelea kuzungumza kwa kujiamini huku nyuma yangu mizani ikiipima hewa ya Baltimore: 12, 14. Ndipo profesa mmoja mwanamke, mpole kabisa, akanyoosha mkono akauliza swali ambalo mhandisi yeyote angeuliza: mliihakiki vipi?

Nilimtazama Daktari. Daktari akatengeneza kikoi chake.

Baltimore ilikuwa saa tano asubuhi, Dar es Salaam saa kumi na mbili jioni. Nikapiga simu ya video, nikaielekeza kwenye kamera ya projekta. Ukutani, ukubwa wa mlango, ukatokea uso wa Mzee Fyuzi, amesimama ndani ya daladala ya Mbagala, ameshika bomba, kwapa la mtu likiwa karibu na sikio lake.

“Shikamoo Mzee.”

“Marahaba. Hamjambo huko? Safari njema?”

“Njema, Mzee.”

“Mmelala salama? Mnakula nini?”

“Kaa, Mzee.”

“Kaa! Mmevuka bahari kwenda kula kaa? Nyumbani mmepiga simu?”

Mwenyekiti wa kikao alinyanyua kadi ya kuonya kwamba muda unakwisha. Sikuweza kumkatiza mtu mzima katikati ya salamu, na sidhani kama kanuni za chama chao zimeliwaza jambo hilo. Nikasubiri amalize, ndipo nikamwambia mizani inapima hewa.

“Kuna baridi hapo?”

“Sana.”

“Basi ndiyo hiyo. Alumini imesinyaa, na vipima-mkazo navyo vinabadilika. Iwashe, iache ipoe kama chumba kilivyopoa, dakika kumi, kisha bonyeza sifuri. Si nimeandika kwenye karatasi?”

“Karatasi ipi, Mzee?”

“Iko chini ya boksi.”

Ilikuwa chini ya boksi. Mwandiko wa kalamu ya bluu, hatua kwa hatua, namba moja imepigiwa mistari miwili: IACHE IZOEE CHUMBA. “Nyuma huko kweupe, sogeeni!” konda akafoka, na chumba kizima Baltimore kikaangalia nyuma.

Kuhusu kuhakiki, alisema hana mawe ya uzito ya maabara, kwa hiyo hutumia maji. Lita moja ya maji ni kilo moja, pungufu ya gramu chache tu kwa joto la kwetu. Unapima chupa tupu, unajaza, unatoa. Nikatafsiri. Yule profesa akachukua chupa yake ya maji ambayo hajaifungua, ile ya Kimarekani iliyoandikwa wakia 16.9 na chini yake, kwa herufi ndogo za aibu, mililita 500. Kufikia hapo mizani ilikuwa imeshazoea chumba. Nikabonyeza sifuri, akaweka chupa. Ikasoma 509. “Toa gramu kumi za plastiki,” Mzee akasema, akiwa anatoa nauli.

Watu walipiga makofi. Wa chumba cha jirani wakaja kuona kuna nini, na waliokuwa wanasubiri mada inayofuata wakaisahau. Maswali yakamiminika, yote ya Mzee. Mizani anazipata wapi? Zikilowa anafanyaje? Wanafunzi wanaruhusiwa kuzifungua? “Wasipozifungua wamekuja kufanya nini?” akajibu, na hilo lilifupisha kikao kizima cha mtu wa slaidi. Alipotangaza kwamba anashuka, chumba kilimpungia mkono. Abiria wawili wakarudisha.

Mwenyekiti aliniuliza huyu bwana ana shahada gani. Nikamwambia FTC. Akaitikia kwa heshima, akauliza hiyo ni shahada ya uzamivu ya wapi. Nikamjibu kwamba ni ya zamani, siku hizi haitolewi tena.

Lile daraja la Wheatstone, kwa taarifa yako, Wheatstone hakulibuni. Lilielezwa na Samuel Hunter Christie mwaka 1833. Charles Wheatstone alilitangaza miaka kumi baadaye, tena akasema wazi kwamba ni la Christie, na watu wakaendelea kuliita la Wheatstone. Nilimweleza Daktari habari hiyo ndani ya ndege. Hakusema kitu mpaka chakula kilipoletwa.

Tuliporudi tuliandika ripoti, na humo tukapendekeza kwamba safari itakayofuata aende Mzee Fyuzi. Ripoti ilipokelewa vizuri. Fomu ya safari ilirudi na maelezo kwamba fedha za mikutano ya kitaaluma ni za wanataaluma, na fundi sanifu si mwanataaluma. Kanuni hiyo ni mbovu. Aliyeitunga hajawahi kusimama mbele ya watu na mizani inayopima hewa.

Tumeandika barua kuomba ibadilishwe. Daktari ametia saini, mimi nimetia saini, na jina la Mzee safari hii liko juu. Mkuu wa kitivo, ukisoma hapa, barua iko kwenye trei lako la kushoto, chini ya maombi ya kununua mizani mpya za maabara. Anza na barua.