Fahali wa Malkia Medb Chumbani Mwetu

Asiyepata kutamba hadithi za kale za Waselti hadhani kwamba zinaweza kumsumbua aliye jirani. Lakini mwalimu wetu, mzee wa Galway asiyeruhusu karatasi darasani mwake, alitushurutisha tuziseme kwa sauti popote tulipo, kwa hoja kwamba mshairi wa Ireland ya kale, ili afike daraja ya juu, alipaswa kuhifadhi hadithi 350 kifuani.

Nami nilipewa Táin Bó Cúailnge, kisa cha uporaji wa ng'ombe, ambacho katika hati ya karne ya 12 chanzo chake si jeshi wala mpaka, bali kitanda. Malkia Medb na mumewe Ailill, wakiwa wamejinyoosha kasrini kwao Cruachan, wanabishana ni nani aliye na mali zaidi, hata ikalazimu kuletwa ndoo, pete, nguo, kondoo, farasi na nguruwe, vyote vikahesabiwa, vikalingana sawasawa, isipokuwa fahali mmoja mwenye pembe nyeupe, aliyezaliwa katika kundi la Medb, naye kwa kuona haya kumilikiwa na mwanamke akajihamishia kwa Ailill.

Basi usiku mmoja, mke wangu akiwa amelala fofofo, nilikuwa nikijizoeza kwa sauti ya chini, na ilipofika zamu ya Ailill nikatamka, kwa kiburi kinachomstahiki mfalme, ya kwamba bibi huyu hali yake leo ni njema kuliko siku nilipomwoa. Taa ikawashwa. Bibi hakuuliza Ailill ni nani. Aliuliza jokofu lilinunuliwa kwa fedha ya nani, akaendelea na zulia, akaja kwenye sufuria, moja baada ya moja, hata kukapambazuka, wala mimi sikuwa na fahali wa kunitetea.

Siku ya kutamba, katika chumba kilicho juu ya baa, mambo yalikwenda vizuri mpaka kwa wajumbe wa Medb, waliotumwa kumwazima fahali wa Cúailnge huko Ulster ili malkia alingane na mumewe, wakalewa, wakaropoka kwamba mwenyewe asipomtoa watamtwaa kwa nguvu. Wanywaji walifurahi mno, kwani ulevi wa namna hiyo waliufahamu. Ndipo mke wangu, katika safu ya mbele, akainua mkono kama aliye mbele ya kadhi, akadai ithibitishwe kwanza: fahali aliyehama zizi bila idhini, kwa sheria ni wa nani? Wanawake wakamwunga mkono. Mfugaji mmoja akaleta hoja ya alama za masikio. Mwalimu akacheka hata akapaliwa. Vita sikuvifikia. Ilipotimu saa ya kufunga, mashujaa wa Ulster wangali wamelala, wakiugua utungu wa uzazi kwa laana ya mwanamke aitwaye Macha, na kesi ya fahali ikaahirishwa.