Hamira Hai na Hamira Mfu

Hamira ni kuvu yenye seli moja inayokula sukari na kutoa hewa. Muhoroni, magharibi mwa Kenya, jirani ya Awasi, kiwanda cha Agro-Chemical and Food Company kimejulikana kwa kutengeneza spiriti na hamira kutokana na molasi, ule uji mweusi unaobaki sukari ya miwa ikishatolewa. Hamira ya mikate na mandazi huuzwa ikiwa hai. Hamira ya lishe ni ya jamii hiyo hiyo, ila huuawa kwa joto, ikakaushwa, ikawa chenga za manjano zenye ladha ya jibini.

Karibu nusu ya uzito wake ni protini, na vitamini za kundi B zimejaa tele. B12 haimo kiasili. Huongezwa kiwandani, ila si katika kila pakiti, hivyo asiyekula nyama na asome pakiti kwanza. Katika miaka ya 1920, daktari Joseph Goldberger alionyesha Marekani kwamba hamira huzuia pelagra, ugonjwa wa wanaoishi kwa mahindi karibu matupu. Awasi, mla ugali wa mahindi huokolewa na ugonjwa huo kwa kitoweo cha omena.

Chenga za hamira ya lishe hunyunyizwa juu ya chipsi, bisi au sukuma wiki iliyokwisha kuepuliwa. Kizaazaa huanza zinapochanganywa na hamira ya mandazi. Aliyesikia sifa nusu nusu hununua pakiti dukani na kuimwaga juu ya chipsi. Hamira hai ikifika tumboni hukuta joto na sukari itokanayo na wanga, ikaweza kuendelea na kazi yake. Tumbo hufura, na kwenye matatu ya Ahero abiria hufungua madirisha yote bila kuulizana sababu. Isitoshe, hamira hiyo huweza kujinyakulia vitamini B1 ya mlaji.

Kinyume chake pia hutokea. Unga wa mandazi uliotiwa hamira mfu haupandi hata ukisubiriwa hadi jioni, na mteja wa kwanza huuliza kama anauziwa kokoto. Mwenye haraka naye huikoroga hamira hai kwa maji yanayochemka, akaiua mwenyewe. Lakini hamira nzima, katika joto la mchana la nyanda za Kano, huinua kifuniko cha sufuria, na kinyunya kikateremka mezani hadi kwa kuku.

Kwa lishe, kijiko kimoja au viwili vya mezani kwa siku vinatosha. Mwenye jongo apunguze, kwa kuwa hamira ina purini nyingi. Hamira ya lishe ikae kwenye chupa kavu yenye kifuniko, iliyoandikwa jina kwa herufi kubwa, mbali na ya mandazi.