Sungura Muuza Upepo

Wanyama wa Kyela walipopata magari walipata na taabu ya mlima. Huku chini ufukweni, ambako Ziwa Nyasa liko mita 470 na ushei kutoka usawa wa bahari, kila gari ni bingwa. Barabara ya Ipinda ni tambarare, mpunga huku na huku, na hata Noah ya Fisi, iliyokuja nchini ikiwa imekwisha choka huko ilikotoka, ilikimbia na magunia ya kakao, madumu ya mawese na abiria wanne zaidi ya viti. Mambo yalibadilika barabara ilipoinuka kuitafuta Tukuyu. Mji ule uko juu ya mita 1,500, na hewa ya juu ni nyepesi kuliko ya ziwani. Injini isiyo na tabo ya kuishindilia hewa hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Fisi hesabu hiyo hakuijua. Alichojua ni kwamba kwenye kona za juu alirudi gia ya kwanza, akaanza kunuka klachi, na Punda akampita kwa miguu akiuliza habari za nyumbani.

Sungura hakuwa na gari. Alikuwa na masikio, na masikio yale yalikuwa yamesikia malalamiko ya madereva wote kuanzia Kasumulu mpakani hadi Matema.

Basi Jumamosi moja, siku ya soko la Lyulilo, akatandika turubai lake katikati ya akina mama Bata, wafinyanzi wa Ikombe waliovusha vyungu vyao kwa mitumbwi. Juu ya turubai akapanga maboksi yenye picha ya gari jekundu linalotoa moto nyuma.

"Supachaja ya umeme! Hewa nyingi, nguvu nyingi! Farasi thelathini zaidi bila kuongeza tone la mafuta! Unaifunga leo, kesho unaipita Scania mlimani! Elfu themanini tu, baba, elfu themanini!"

Wanyama wakajaa. Nami nisingependa msomaji apitwe na jambo moja lililotokea pale. Nguruwe alikuwa ametoka kununua chungu cha maharage kwa Mama Bata. Chungu chenyewe bei yake haikufika hata robo ya boksi, lakini Nguruwe alikigonga kwa ukucha mara tatu, akakigeuza, akakiinua juani aone kama kina ufa, akagonga tena, akaomba apunguziwe. Kisha akapiga hatua mbili, akahesabu elfu themanini, akapokea boksi bila kulifungua.

"Ndaga fijo, baba," Sungura akamwambia.

Tuwe wakweli, maneno ya Sungura hayakuwa uongo mtupu, na ndiyo maana yaliuzika. Injini huunguza petroli kwa hewa. Ukiishindilia hewa ndani ya silinda kuliko inavyoweza kuvuta yenyewe, ukaongeza na petroli ya kulingana, nguvu huongezeka. Mswisi Alfred Büchi aliandikisha hataza ya wazo la tabo mwaka 1905, na malori yanayopanda Tukuyu na mizigo ya mpakani leo yanaishi kwa wazo hilo. Dereva wa Kyela anayelia kukosa hewa mlimani amegundua ugonjwa wake sawasawa. Shida ni dawa. Na hilo la "bila tone la mafuta" lingetosha kumshtua mtu aliyewahi kuwasha hata jiko la kuni.

Fisi alikuwa wa kwanza kufunga. Jumatatu akaipeleka Noah gereji kwa kijana Kima, pale Ipinda. Kima akafungua boksi: ndani mna feni ya plastiki ya ukubwa wa bakuli la uji, waya mwembamba mwekundu, na fyuzi ya ampea 5. Ili kuiingiza kwenye bomba la hewa ilibidi atoe chujio kwanza. Alipolitoa akarudi nyuma. Tangu Fisi alinunue gari lile hakuna aliyewahi kugusa chujio hilo, na msimu ule wadudu wa ziwani walikuwa wametanda juu ya Nyasa hadi wakafunika milima ya Livingstone. Kila mdudu aliyefika barabarani alikuwa ameishia humo. Kima akaligonga kwenye tairi, likamwaga kifusi cha mbawa kavu na vumbi.

"Mzee, hili tutupe."

"Weka jipya, lakini usinicheleweshe. Supachaja ndiyo kazi."

Siku ile Fisi alipanda Tukuyu bila mzigo, bila abiria, na chujio jipya. Gari likapanda kwa gia ya pili. Feni ikalia wiii ndani ya boneti, mlio mwembamba wa kitu cha gharama. Fisi akarudi Ipinda akiwa mtume. Hakutaja chujio. Sidhani hata alikumbuka kwamba limebadilishwa.

Wanyakyusa wa zamani walikuwa na desturi ya vijana wa rika moja kujijengea kijiji chao, na vijana wa wanyama wa Kyela waliishi hivyo hivyo. Wenye uzoefu wa rika wanajua kinachofuata. Mmoja akinunua, aliyebaki anaonekana mshamba. Wiki haikwisha kijiji kizima kinalia wiii. Kenge mwenye bodaboda akaulizia kama ipo ya pikipiki. Nguruwe akaifunga kwenye lori ambalo lilikuwa na tabo yake tangu kiwandani.

Mavuno ya mpunga yalipoiva, magari yakajazwa magunia, na mlima ukawapokea wote kama siku zote. Noah kumi na mbili zikakwama kona moja, zikilia wiii kwa pamoja. Punda akazipita zote kumi na mbili, akazisalimia moja moja.

Kesi ikafika kwa chifu, Malafyale Kiboko. Baraza likakaa ufukweni Matema, chini ya mwembe, na Sungura akaitwa ajieleze. Alikuja amevaa koti.

"Malafyale, shikamoo. Mimi ni mfanyabiashara mdogo. Naomba baraza lisikilize kwa masikio yake. Washeni! Mnaisikia sauti hiyo? Sauti hiyo ni nini kama si nguvu?"

Wakapiga makofi. Na shahidi wa kwanza kusimama upande wa Sungura alikuwa nani? Fisi. Fisi aliyekwama jana yake tu akaapa mbele ya baraza kwamba gari lake limebadilika, tatizo ni petroli ya siku hizi. Simshangai. Aliyeuziwa upepo kwa elfu themanini, na akawashawishi wenzake kumi na mmoja wanunue, ana sababu kubwa kuliko muuzaji ya kutaka upepo ule uwe wa kweli.

Ndipo Korongo mweupe akaomba nafasi. Korongo hukaa Kusini majira ya baridi ya Ulaya, na kabla ya hapo alikuwa na kiota chake juu ya dohani ya nyumba moja Ujerumani, kwa hiyo ameona mengi.

"Malafyale, kifaa hicho kipo kweli. Mwaka 2016 Audi walitoa gari lao SQ7 lenye kishindilio cha hewa cha umeme, na kilifanya kazi."

Baraza likaruka. Sungura akatoa kalamu, akaandika kwenye boksi lililo karibu: TEKNOLOJIA YA UJERUMANI.

"Sijamaliza," Korongo akasema, lakini ilibidi angoje kelele zipungue. "Kile cha Audi kinatumia umeme wa volti 48, si 12. Kinakula hadi kilowati 7. Kinafika mizunguko 70,000 kwa dakika ndani ya robo sekunde. Na pamoja na yote hayo kazi yake ni kuisaidia injini wakati tabo zake mbili hazijapata kasi, basi. Zikishapata, chenyewe kinapumzika."

Hakuna aliyesikiliza sehemu hiyo. Malafyale akamgeukia Babu Nyani, mhunzi aliyeshuka kutoka Ukinga. Ukoo wake ulikuwa wa wafua majembe, yale majembe ambayo Wakinga waliwaletea Wanyakyusa tangu zamani, na siku hizi mzee anatengeneza injini.

"Babu, wewe unasemaje?"

"Nina swali moja, Malafyale. Nyumbani kwetu chuma kiliiva kwa mivukuto. Mvukuto haujipulizi. Kijana akiushika tangu asubuhi, jioni anakula chakula cha watu watatu na mabega yanamtetemeka. Upepo ule umetoka kwenye mkono wake. Sasa nionyesheni mkono wa kitu hiki."

Akachora mchangani kwa kijiti. Injini ya Noah ni ya lita 2. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika inavuta hewa mara 2,500, yaani karibu lita 5,000 kila dakika. Kuishindilia hewa yote hiyo hadi izidi ya kawaida kwa theluthi moja, hata kwa mashine nzuri, kunataka kama kilowati 5. Kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea zaidi ya 400.

"Alteneta ya Noah inatoa kama ampea 100," akasema, "na taa, plagi na feni ya rejeta zinazigombania. Tuje kwenye fyuzi ya Sungura. Ampea 5 mara volti 12, wati 60. Balbu za taa za mbele peke yake zinakula zaidi ya hapo. Waya huu ukipitisha ampea 400 hautaongeza nguvu, utachoma gari."

"Hesabu za gizani hizo!" Sungura akapaza sauti. "Wazee wa Ukinga wana wivu!"

Babu Nyani hakubishana. Akachukua mpira mwembamba unaoonyesha maji, akaukunja kuwa herufi U, akaufunga kwenye ubao, akatia maji aliyoyapaka rangi ya mawese ili hata waliokaa nyuma waone. Ncha moja akaipenyeza kwenye bomba la hewa la Noah, baada ya feni, kabla ya injini. Nyingine akaiacha wazi.

"Kama hewa inashindiliwa kwa theluthi ile, pengo kati ya maji ya pande hizi mbili litazidi mita tatu. Litavuka huo mgomba. Washa feni, injini iwe imezimwa."

Wiii. Maji yakapanda upana wa vidole viwili vya Kima, yakasimama hapo. Sungura akashangilia hata hivyo.

"Sasa washa injini. Fisi, kanyaga mafuta mpaka chini."

Fisi akakanyaga. Injini ikanguruma, feni ikalia, na maji yakashuka, yakapita pale yalipoanzia, yakakimbilia upande wa injini. Injini ilikuwa inanyonya kupita uwezo wa feni kusukuma. Babu Nyani akaing'oa feni, akarudisha bomba kama lilivyokuwa, akamwambia Fisi akanyage tena. Safari hii maji yalisogea kidogo tu. Maana yake hata Nguruwe aliielewa: mlimani, pale nguvu zinapohitajika, plastiki ile ilikuwa imeziba njia.

"Lakini siku ya kwanza lilipanda!" Fisi akalia. "Naapa lilipanda!"

"Lilipanda," Kima akasema kwa sauti ndogo. "Nilitoa chujio. Lilikuwa limejaa wadudu."

Kimya kikapita. Malafyale akatoa hukumu. Wenye magari wasafishe machujio yao, hasa msimu wa wadudu wa ziwani, waangalie plagi, na wasijaze Noah mzigo wa lori. Anayetaka nguvu za tabo anunue gari lililotoka kiwandani na tabo, maana injini yake iliundwa kuhimili mgandamizo huo. Kifaa chochote cha umeme kinachodai kuongeza nguvu za injini kipimwe kwa mpira wa maji kabla ya kuuzwa Lyulilo. Fedha zirudishwe.

Fedha hazikurudishwa. Wakati maji yakishuka kwenye mpira, Sungura alikuwa njiani kuelekea Kasumulu, na jioni hiyo alivuka mto Songwe.

Jumamosi tatu baadaye alikuwa tena sokoni, turubai lile lile, karibu na vyungu vile vile. Supachaja hakuwa nayo, sheria aliiheshimu. Alikuwa anauza sumaku za kufunga kwenye mpira wa petroli ili gari linywe kidogo. Fisi alikuwa wa pili kwenye foleni, nyuma ya Nguruwe.